Mwandishi Ametumia Nafsi Zote Tatu

Kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili sekondari hapa kwetu Tanzania anaijua sentensi hiyo ya juu. Niliiandika mimi, uliiandika wewe, na mdogo wako ataiandika. Likija swali la kuchambua mtindo wa riwaya, unaanza na masimulizi, unaongeza majibizano, halafu unafika kwenye "matumizi ya nafsi", na hapo kalamu inateleza yenyewe: mwandishi ametumia nafsi zote tatu, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Unatoa mfano mmoja mmoja pamoja na namba ya ukurasa, unapata alama zako, unasonga mbele.

Hebu tuulizane, ndugu zangu. Ni kitabu gani hapa duniani chenye watu wanaozungumza ambacho hakina nafsi zote tatu? Mtu akisema "mimi nimechoka, wewe mwite yule", zimekwisha zote katika pumzi moja. Hata kelele za konda wa daladala zina nafsi zote tatu. Sentensi iliyo kweli kwa kila kitabu haisemi lolote juu ya kitabu chochote. Nasi tuliofaulu kwa sentensi za namna hiyo ndio leo tunaojiita waandishi chipukizi. Tunakaa Jumamosi jioni chini ya mwarobaini, tunasomeana hadithi, tunakosoana. Tunakosoana kwa kutumia nini? Kwa zile zile.

Naandika kwa hasira, lakini niseme mapema kwamba sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe juu yangu mwenyewe. Mwaka jana niliua hadithi. Niliiua mbele ya watu tisa, mchana kweupe, kwa maswali mawili tu, na wote tisa walitikisa vichwa kwamba nimesema kweli.

Aliyeileta ni mwenzetu ambaye kazi yake ni ukonda. Alikuwa anakuja kwenye kikao chetu akitokea barabarani moja kwa moja, sauti imemkauka, noti ndogondogo zimekunjwa katikati ya vidole bado. Hakuzidi kidato cha pili. Hadithi yake aliiandika kwa mkono kwenye kaunta buku, kurasa kama saba hivi, na ilikuwa inasimuliwa na mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye baba yake ni fundi cherehani barazani. Baba anaanza kupoteza macho. Hasemi. Wateja wanaanza kurudisha nguo: pindo la sketi limekwenda upande, mfuko umeshonwa juu ya mfuko. Mtoto naye hasemi. Usiku, baba akishalala, mtoto anazichukua zile nguo, anafumua kwa wembe, anashona upya kwa sindano ya mkono, kwa sababu cherehani kingemwamsha mzee. Asubuhi anazikunja kama zilivyokuwa. Mambo yanaendelea hivyo majuma kadhaa. Mwisho wa hadithi, baba ameshika sketi ya shule mapajani, anapitisha kidole gumba taratibu juu ya pindo kutoka upande huu mpaka upande huu, anamwambia mwanawe kwamba siku hizi mkono wake umetulia. Basi. Imekwisha hapo.

Tulinyamaza kidogo. Halafu mimi, ambaye kijiweni ndiye ninayejulikana kuwa "nimesoma", nikakohoa nikauliza: "Sasa ndugu yangu, ujumbe wake nini?"

Alinitazama. Akajibu kwamba hajui, yeye ameandika tu. Wengine wakacheka, si kwa ubaya. Nikaendelea na la pili: mbona umetumia nafsi ya kwanza? Nikamfahamisha kwamba nafsi ya tatu ndiyo yenye upana, inamwezesha mwandishi kuingia ndani ya mawazo ya kila mhusika, ndiyo ya kitaalamu. Mungu anisamehe.

Baada ya wiki mbili akarudi na hadithi mpya. Kaunta buku jipya vilevile. Safari hii ilikuwa "Juma alikuwa mtoto mwenye huruma". Msimulizi ameingia ndani ya mawazo ya kila mhusika kama nilivyoagiza, na alipoingia ndani ya mawazo ya baba akatueleza kwamba mzee alikuwa anajua siku zote, alikuwa anasikia wembe usiku, alikuwa analia kimoyomoyo. Na chini kabisa, aya nzima: vijana hatuna budi kuwasaidia wazazi wetu na serikali iwajali walemavu. Tukampigia makofi. Nilimpigia na mimi. Nilimwuliza ile ya kwanza iko wapi, akasema amechana, karatasi amefungia karanga za mama yake.

Ndiyo maana katika toleo lililopita mwenzetu alipotuandikia kwa kalamu kali kwamba istilahi zote za fasihi ni mzigo wa walimu, kwamba mwandishi wa kweli anahitaji kipaji na daftari tu, kwamba bibi yake alikuwa anatamba hadithi mpaka majogoo bila kulijua neno "msuko", nilikaribia kukubali. Nilijiona mimi ndiye shahidi wake namba moja. Istilahi ndizo zilizoiua hadithi ya konda wetu, sivyo?

Sivyo. Na hapa ndipo ninapotaka kugombana, kwanza na yeye, halafu na walimu wetu, halafu na nyinyi mliotikisa vichwa.

Nianze na huyo bibi. Wengi wetu tunaye, na tunamtumia vibaya mno kwenye hoja zetu. Jaribu kukumbuka siku wewe mtoto ulipojaribu kumsimulia yeye ile hadithi uliyosikia kwake jana. Hukumaliza. Alikukatiza: "Ngoja, usimtoe zimwi mapema." "Nani aliyemwona? Yule msichana alikuwa peke yake, sasa nani amekwambia?" "Hapo imba kwanza." Ndugu yangu, hizo ni istilahi. Usimtoe zimwi mapema ni somo zima la taharuki. Nani aliyemwona ni somo zima la usimulizi, na ni swali ambalo sisi tuliosoma hatuliulizi kamwe. Bibi alikuwa na majina ya kazi yake, ila hakuyaandika ubaoni. Kusema kwamba alitunga kwa kipaji tu ni kumvunjia heshima, kama kusema mama anayepika pilau nzuri hajui jina la bizari.

Haya, tuwatazame watunzi wa mashairi. Hapa Waswahili tuna jambo la kujivunia ambalo watu wa hadithi tumeshindwa kulirithi. Mshairi wa jadi akikaa na mshairi mwenzake, wana maneno: ubeti, mshororo, kina cha kati na kina cha mwisho, mizani, ukwapi na utao, kibwagizo, bahari. Maneno hayo ni ya karakana. Ukimwambia mshairi mshororo wa tatu umezidi mizani moja, hakununii. Anahesabu kwa vidole, nane upande huu, tisa upande huu, kweli bwana, anarekebisha. Mwaka 1954 Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, aliandika akiwa mshairi mwenyewe, akieleza kazi anayoifanya kwa mikono yake. Miaka 20 baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi na kuviacha vina na mizani, na ugomvi uliofuata ulikuwa mkali kwelikweli. Lakini tazama ugomvi wenyewe: pande zote mbili zilikijua kwa jina kitu kinachogombaniwa. Aliyeacha kina alijua anaacha nini.

Sasa sisi wa hadithi majina yetu tumeyapata wapi? Tumeyapata darasani, na darasa lenyewe lilikuwa na shughuli zake. Fasihi ya Kiswahili ilipoanza kufundishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, Farouk Topan akiwa miongoni mwa walioianzisha, Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa bichi. Swali la zama zile lilikuwa kazi hii inamsaidia nani: mkulima na mfanyakazi, au mnyonyaji? Kwa hiyo maneno yaliyonolewa kuliko yote yalikuwa ya upande wa maudhui: dhamira, ujumbe, msimamo, falsafa, migogoro. Silibezi swali hilo. Lilikuwa na haki yake, na yapo mambo ambayo lingefaa kuulizwa mpaka leo. Lakini ni swali la msomaji mbele ya kitabu kilichokwisha. Ni la mtu anayekagua nyumba iliyohamiwa. Sisi tumelichukua tukampa fundi anayechimba msingi, tunamwambia aanze na rangi ya paa.

Lile jedwali tulilonakili ubaoni tunalikumbuka wote. Kushoto maudhui, kulia fani, mstari katikati. Ukalishika kichwani, ukajaza, ukafaulu. Sina ugomvi na mwalimu wangu aliyelichora. Alikuwa na darasa la watu zaidi ya sabini, vitabu sita, na mtihani mlangoni. Ugomvi wangu ni kwamba tumeubeba ule mstari wa katikati mpaka kwenye meza ya kuandikia. Tunaamini hadithi hutungwa hivyo: unachagua ujumbe, halafu unatafuta fani ya kuuvalisha, kama mtu anayemvika mtoto sare. Ndiyo sababu hadithi zetu kumi zilizosomwa chini ya mwarobaini, saba zinaishia na mtu anayefariki kwa ukimwi au kurudi kijijini amejuta, na mzee anatokea ukurasa wa mwisho kutoa wosia.

Cha kusikitisha ni kwamba maneno yenyewe, ukiyafungua, yanatukataza kufanya hivyo. Dhamira! Neno hili limetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni kile kilichofichika moyoni; ndiyo maana ndugu yake, dhamiri, ndiyo ile sauti ya ndani inayokusuta usiku. Wanasarufi wa Kiarabu wanalitumia neno hilohilo kwa viwakilishi, mimi, wewe, yeye, yaani jina lililojificha nyuma ya kijineno. Kilichofichika! Na sisi tunamdai mwandishi akitoe nje, akianike kwenye aya ya mwisho kama nguo za mtumba. Konda wetu alikuwa na dhamira. Ilikuwa imejificha chini ya kidole gumba cha yule mzee, mahali pake kabisa.

Halafu kuna kizaazaa kingine. Ukikutana na mwandishi kijana wa Kenya mkaanza kuzungumza juu ya dhamira, mtagombana bure. Kwao maudhui ndiyo yale mambo yanayozungumziwa katika kazi, na dhamira ni lengo la mwandishi, kusudi lililomfanya ashike kalamu. Kwetu dhamira ndiyo yale mambo yenyewe, na maudhui ni jumla kuu inayobeba dhamira, ujumbe, msimamo na vinginevyo. Maneno mawili, nchi mbili jirani, lugha moja. Nilishuhudia ubishi wa saa nzima wa namna hiyo, na mwisho ikaonekana hakuna aliyempinga mwenzake. Nalitaja hili kwa wale wanaodhani istilahi zilishuka kutoka mbinguni zikiwa zimepigwa chapa. Ziliwekwa na watu, kwa haja fulani. Sisi nasi tuna haja zetu, basi tuzitumie tunavyotaka.

Na zipo zinazotumika vizuri ukizishika upande wa mpini. Msuko ni neno la mikono: mtu husuka nywele, husuka ukili. Mwanamke wa pwani anaposuka ukili wa mkeka anashika miyaa kadhaa kwa pamoja, huu unaingia chini, ule unapita juu, na ukiuacha mmoja ukachomoka utaonekana mbele. Msuko wa hadithi ni huohuo, kwa nini tukio hili limelishika tukio lile. Baba amekufa, mama akahama mji: hayo ni matukio mawili yamelazwa sambamba kama miyaa ambayo haijasukwa. Mama alihama mji kwa sababu kila asubuhi alimsikia mwuza maziwa akipiga hodi kwa sauti inayofanana na ya marehemu: sasa kuna kitu kimekwenda chini kikatokea juu. Muundo ni jambo jingine, nao ni mpangilio, unaanzia wapi. Walimu wetu wanaita msago ukienda moja kwa moja, na rejea ukianzia mwisho ukarudi nyuma. Vizuri. Lakini uamuzi wa kurudi nyuma unalipiwa. Ukianza na maiti, umeshauza swali la "atakufa?" na lazima uwe na swali lingine mfukoni. Wale wanaoandika hadithi za kuuza kwa vipande kwenye simu wanalijua hili kuliko sisi, wanajua wakatie wapi ili mteja alipie kipande cha kesho, na sisi tunawacheka kwamba si fasihi.

Mandhari ni kinachoonekana. Sawa, kinaonekana na nani? Kituo cha daladala akikiona konda si kituo kile akikionacho abiria aliyechelewa kazini. Ukinieleza mandhari kwa jicho la mtu asiyekuwepo, umenipa picha ya kalenda.

Juu ya wahusika nina neno la kusema, maana hapa tunatukanana bila sababu. Tumejifunza wahusika bapa na wahusika duara, na chini ya mwarobaini "mhusika wako bapa" limekuwa tusi. Fikra hiyo ilienezwa na Mwingereza E. M. Forster katika mihadhara yake ya Cambridge, iliyotoka kama kitabu, Aspects of the Novel, mwaka 1927. Forster alikuwa mwandishi wa riwaya, fundi, na wala hakuwadharau wahusika bapa. Aliona wana faida zao, hawasahauliki, hawahitaji kutambulishwa upya kila wakiingia. Katika hadithi ya konda wetu kulikuwa na mteja mmoja, mama mwenye kanga ya bluu, ambaye kila akitokea anasema jambo moja tu, kwamba yeye hadai pesa yake, anadai pindo lake. Bapa kabisa. Tulicheka kila alipotokea, na tuliogopa kila alipotokea, kwa sababu ujio wake ulikuwa saa ya hadithi. Mmoja wetu alimshauri amfanye duara. Katika toleo la pili yule mama alikuwa na historia ya ndoa tatu.

Nirudi sasa kwenye nafsi, maana ndipo nilipotenda dhambi.

Swali la nafsi halihusu mnyambuliko wa vitenzi. Ni swali la bibi: nani aliyeona, na amejuaje? Chukua Kichwamaji ya Kezilahabi, ya 1974. Kazimoto anajisimulia mwenyewe. Msomaji amefungiwa ndani ya kichwa kimoja kilichochoka na maisha, hakuna dirisha, hakuna msimulizi mwema wa nje wa kuja kutuambia kwamba mambo si mabaya hivyo. Anapofikia kujiua, sisi tumeshabanwa humo muda mrefu. Andika upya riwaya hiyo kwa msimulizi ajuaye yote, utapata kijana msomi mwenye matatizo, na kila mtu atakuwa na ushauri wa kumpa. Halafu chukua Rosa Mistika ya mwandishi huyohuyo, 1971, ile iliyowahi kuzuiwa shuleni. Huyo anasimuliwa kwa nafsi ya tatu, na ilibidi, kwa sababu tunahitaji kumwona Zakaria na nyumba yake yote, tuone mkono unaompiga binti, na tuone pia anayepiga. Au Siku Njema ya Ken Walibora, 1996: Kongowea anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake, na anasimulia mwenyewe, kwa hiyo hatujui zaidi yake njiani. Tungejua baba yuko wapi kabla yake, tungekuwa tunamsubiri stendi badala ya kusafiri naye.

Ukiniuliza vitabu hivyo vitatu vimetumia nafsi zipi, kwa kanuni ya mtihani jibu ni moja: zote tatu, vyote vitatu. Unaona tulivyofundishwa kutoona?

Sasa ile hadithi ya fundi cherehani. Mtoto wa miaka kumi na miwili anasimulia. Anafumua pindo la cherehani na kushona kwa sindano ya mkono, na anaamini kazi yake haionekani. Anaposema baba alipitisha kidole gumba juu ya pindo kutoka upande huu mpaka upande huu, anaeleza alichokiona tu. Hajui alichokiona. Lakini wewe msomaji unajua. Fundi aliyeshona miaka yote hiyo, macho yakifa, kidole kinabaki. Atashindwaje kutofautisha mshono wa mkono na mshono wa cherehani? Anaposema mkono wake umetulia, anamwambia mwanawe asante kwa njia pekee ambayo haitamvunjia mtoto siri yake. Au pengine hajui, pengine anajidanganya, maskini. Hatutajua, kwa sababu mtoto hajui, na mtoto ndiye tuliyepewa. Wakosoaji wana jina la hali hiyo, kinaya, pale msomaji anapokiona kile ambacho mhusika hakioni. Sisi jina tulikuwa nalo, tulilikariri kidato cha tatu, lakini siku kitu chenyewe kilipokuja kuketi mbele yetu na vumbi la barabarani hatukukitambua, kwa sababu hakikuja na namba ya ukurasa.

Na mimi nikamwambia abadilishe nafsi. Nilimwambia afungue mlango wa mawazo ya baba, na kupitia mlango huo hadithi yote ikatoka nje.

Kama siku ile ningekuwa mjinga kabisa wa istilahi, kama anavyotaka mwenzetu wa toleo lililopita, ningefanya nini? Ningesema "nzuri sana, kaza buti", na yeye angeondoka bila kujua amefanya nini, na hadithi ya pili ingemshinda kwa kuwa hakujua ya kwanza ilisimamia wapi. Kipaji kilimfikisha hapo mara moja. Jina la alichokifanya lingemsaidia kurudi. Ningemwambia: bwana wee, msimulizi wako anajua kidogo kuliko msomaji wako, na ndani ya tofauti hiyo ndimo hadithi inamokaa, usimguse mtoto huyo. Ni maneno yasiyofika hata ishirini na tano. Nilikuwa nayo yote, tangu shule. Nilikuwa nimeyapanga kwenye jedwali.

Kwa hiyo napendekeza, na najua nitapingwa, kwamba kuanzia Jumamosi ijayo swali la ujumbe lipigwe marufuku chini ya mwarobaini wetu mpaka hadithi iwe imejadiliwa kwa maswali mengine. Nani anasimulia, na angejuaje. Kipi kimeshika kipi. Nani anaona mahali hapa. Tumeanzia wapi, na kwa kuanzia hapo tumeuza nini. Mwenye hamu ya ujumbe atauona njiani akirudi nyumbani, au hatauona, shauri lake. Wale wenzetu wanaojiandaa na mtihani waendelee kuandika nafsi zote tatu, sitaki mtu afeli kwa ajili yangu.

Konda wetu haji tena. Nilimwulizia, nikaambiwa yupo, mzima, gari lilelile. Mwezi uliopita nikalipanda makusudi, saa kumi na moja jioni, tumebanana mlangoni, nikampa nauli. Akanitambua. Akairudisha ile noti mkononi mwangu, akaifunga vidole vyangu juu yake.

"Wewe kaa nayo tu, mwalimu," akasema, akageuka kugonga bodi.